Keki ya mnyama imeharibika: tafuta unyevu, kisha uzito

Ni saa nne usiku. Sherehe ni kesho mchana. Simba wa keki uliyemfunika vizuri jioni sasa ana ufa shavuni, tumbo limemtoka kama aliyemeza ndoo, na sikio moja limelala. Mkono unaanza kwenda wenyewe kwenye bonge la fondanti, ule unga wa sukari uliokandwa wa kufunikia keki, ukaongeze kiraka. Uzuie kwanza. Kiraka kwenye keki ambayo hujajua inaumwa nini hudumu nusu saa.

Fondanti ni shuka. Shuka likionyesha bonde, hulipigi pasi. Bonde liko kwenye godoro. Keki za wanyama nilizoziona zikiharibika, zangu zikiwa za kwanza kwenye orodha, karibu zote zilikuwa na shida moja kati ya mbili: unyevu uko mahali usipotakiwa (au umekosekana unapotakiwa), au uzito umekosa pa kutua. Kabla hujagusa chochote, jiulize maji yako wapi na uzito unashukia wapi. Lipo pia kundi la tatu ambalo halihusu maji wala uzito. Keki imesimama imara, nyororo kama yai, halafu mtoto anauliza, "Huyu mbwa ni wa nani?" ilhali ulitengeneza simba. Hilo nimelipa nafasi yake chini, maana ndilo linalouma kuliko yote.

## Inapasuka na kukunjamana

Utaona nyufa nyembamba kwenye kona za juu za keki, na vikunjo vidogo kama ngozi ya kiwiko. Fondanti imekauka.

Kimsingi ni sukari ya unga iliyoshikizwa kwa maji kidogo, jelatini na shira ya glukosi, kisha ikatiwa gliserini ili unyevu huo usitoroke. Ukinyunyiza sukari ya unga mezani kila unapoisukuma, unaiongezea kiu. Ukiiacha wazi dakika tano ukitafuta kifimbo cha kusukumia, hewa inaikausha juu. Wengi hulaumu pakiti waliyonunua, kumbe walikuwa wakifanya yote mawili.

Ipime hivi: chukua kipande cha ukubwa wa ndimu, kivute taratibu kwa mikono miwili. Kikirefuka kama chingamu kabla ya kukatika, kiko sawa. Kikikatika papo hapo na kuacha ncha zenye mikwaruzo, kina kiu. Kikining'inia na kuganda vidoleni, kimezidiwa na maji. Hicho ni cha sehemu inayofuata.

Fondanti yenye kiu hutibiwa kwa mafuta kwanza, si maji. Paka viganja mafuta meupe ya kupikia yaliyoganda, yasiyo na harufu, uikande mpaka ilainike. Bado inakatika? Tia gliserini, nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo, kanda, pima tena. Ikiwa imekuwa ngumu kama jiwe, iweke kwenye maikrowevu kwa sekunde 5 hadi 10 tu, uikande, urudie. Usiongeze muda kwa pupa, kwa sababu sukari ya katikati inaweza kuwa ya moto kuliko ya nje na kukuunguza kiganja. Ukisukuma, lenga unene wa milimita 3 hadi 4. Nyembamba kuliko hapo itaonyesha kila tundu la keki na kuchanika konani kwa uzito wake yenyewe. Nene kupita milimita 5, watoto wataibandua na kuiacha sahanini.

Kama ufa umetokea ikiwa tayari juu ya keki, una dakika kama kumi. Tia mafuta kidogo kwenye ncha ya kidole, sugua kwa miduara midogo, joto la kidole litaufunga. Ganda likishakauka, kusugua hakusaidii tena. Hapo koroga kipande cha fondanti ya rangi ileile na matone ya maji mpaka iwe uji mzito, jaza ufa, futa kinachozidi kwa kidole chenye unyevu.

Au uache. Kama ni tembo, faru au kobe unayemtengeneza, hiyo mikunjo ni mali yake. Nimewahi kuhangaika saa nzima kulainisha mgongo wa faru, kisha nikatumia nusu saa nyingine kumchorea makunyanzi.

## Inanata mezani na mikononi

Chanzo cha kawaida ni rangi ya kula iliyo ya majimaji. Fondanti nusu kilo ikipewa vijiko viwili vya rangi ya chupa, imeshageuka tope. Tumia rangi ya jeli au ya unga, na uichukue kwa ncha ya kijiti. Vyanzo vingine ni hewa yenye unyevu mwingi na viganja vya moto; wenye viganja vya moto wajue kushika glasi ya maji baridi kabla ya kukanda na kujikausha vizuri.

Mezani, penye hewa kavu paka mafuta kidogo, na penye unyevu nyunyiza wanga wa mahindi kupitia kitambaa chepesi. Sukari ya unga yenyewe huvuta maji hewani, hivyo siku ya mvua inakuongezea kunata badala ya kukupunguzia.

Ukijitengenezea fondanti ya marshimelo (zile peremende laini kama sifongo), kipimo cha kuanzia ni gramu 450 za marshimelo kwa karibu gramu 900 za sukari ya unga, na vijiko viwili au vitatu vya mezani vya maji. Usimwage sukari yote kwa mpigo. Ya mwisho, kama gramu 150, iingie kidogokidogo kwa kadiri inavyohitajika. Kisha ifunge kwa nailoni ya jikoni, uilaze usiku kucha. Nyingi zinazoonekana zimeharibika usiku huwa nzuri asubuhi bila kuongezwa chochote. Kwa ya jelatini, loweka jelatini kwenye maji baridi dakika tano, ipashe moto mpaka iyeyuke tu. Ikichemka hupoteza nguvu ya kushika, na fondanti yako itakuwa legelege hata ukiijaza sukari.

## Imetoka jasho

Umeitoa kwenye friji, imeng'aa, baada ya robo saa ina matone. Mvuke wa hewani umekutana na uso wa baridi na kugeuka maji, na sukari inayapokea maji hayo kwa mikono miwili.

Usifute. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu kila mtu hufuta, na kila anayefuta huacha alama za tishu na rangi iliyopakazika. Washa feni kwa mbali, iache keki, ondoka chumbani kama huwezi kujizuia. Matone yatakauka yenyewe na mng'ao utaisha.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Keki iliyofunikwa iingie kwenye friji ikiwa ndani ya boksi la kadibodi lililofungwa, maana kadibodi hunywa unyevu. Chombo cha plastiki hakinywi kitu. Ukiitoa, usifungue boksi mpaka keki ilingane na joto la chumba, ambayo ni saa mbili au tatu kwa keki ya kawaida. Matone yatatua juu ya boksi badala ya juu ya mnyama.

Bora zaidi ni keki isiyohitaji friji kabisa, na hapo uamuzi hufanywa kwenye kujaza, yaani kile unachoweka kati ya tabaka. Ganashi (chokoleti iliyoyeyushwa kwa krimu), jamu na krimu ya siagi hustahimili chumba cha ubaridi wa kawaida. Krimu mbichi iliyopigwa, kastadi na jibini laini ni lazima vikae kwenye friji. Usiviache nje eti kulinda fondanti, tumbo la mtoto ni muhimu kuliko mng'ao. Tena krimu iliyopigwa isiguse fondanti hata kidogo. Maji yake huiyeyusha kutoka ndani, na dalili yake ni mabaka yenye unyevu yanayotokea kwa chini huku juu pakiwa pakavu. Ukiona hivyo, hakuna dawa. Bandua, kwangua, paka ganashi, funika upya. Ganashi ya chini ya fondanti ni sehemu mbili za chokoleti nyeusi kwa sehemu moja ya krimu kwa uzito. Ya chokoleti nyeupe ni tatu kwa moja, kwa sababu nyeupe hailegei na kuganda kwa namna moja na nyeusi.

Anayeumia zaidi na jasho ni pundamilia. Tone moja likipita kwenye mlia mweusi, mweupe wa jirani unakuwa wa kijivu. Kwa hiyo mwili mweupe ukauke siku nzima kabla ya kubandika milia, na milia ibandikwe kwa mafuta kidogo au gundi iliyopakwa nyembamba, si kwa maji.

## Malengelenge na tumbo

Haya yanafanana kwa mbali, ila ni magonjwa tofauti. Bonyeza kwa kidole.

Kikibonyea na kurudi, ni hewa. Ilinaswa wakati wa kufunika, au keki ilifunikwa ikiwa ya baridi sana na hewa ya ndani ikatanuka ilipopata joto. Chukua sindano safi, toboa kwa mshazari pembeni mwa lengelenge (si katikati), kisha sukuma hewa kuelekea tundu kwa kiganja. Sindano hiyo iwe na kichwa cha rangi kali, na uihesabu kabla na baada. Sindano iliyopotea ndani ya keki ya watoto ni sababu ya kutupa keki nzima, bila mjadala.

Kisipobonyea, kikawa ni mzingo mgumu unaozunguka kiuno cha keki, ni kujaza kulikobanwa kukatafuta pa kutokea. Kilichotoka hakirudi ndani. Kama una saa tatu, vua fondanti yote, punguza kwa kisu, paka upya. Kama huna, panda majani. Kipande cha fondanti ya kijani kilichokatwakatwa ncha kinafunika kiuno kizima, na kwa mnyama wa porini hakuna atakayeuliza yametoka wapi.

Safari ijayo, ukishapanga tabaka zako, zifunge kwa nailoni, weka juu yake ubao na kitu chenye uzito wa kitabu kinene, uziache zikae usiku kucha kabla ya kupaka chochote nje. Keki itatua na kutoa hewa yake mapema. Kujaza kusizidi sentimita moja, na kuzungushiwe ukuta wa krimu ngumu pembezoni.

## Mnyama anainama, anazama au anapasuka miguu

Sasa tumeingia kwenye uzito, na nianze na ushauri ambao hakuna anayeufuata mara ya kwanza: usitengeneze mnyama mwenye miguu minne akiwa amesimama. Miguu minne myembamba kubeba kilo tatu za keki ni kazi ya chuma na mbao. Mlaze. Simba aliyelala, mbwa aliyekaa, tembo aliyeketi chini miguu mbele: hao hupeleka uzito wote moja kwa moja ubaoni. Kobe ndiye rafiki wa anayeanza. Ni keki iliyookwa kwenye bakuli ikageuzwa, miguu minne ya fondanti pembeni, kichwa, basi.

Twiga wangu wa kwanza alikuwa na shingo ya keki. Alisimama dakika arobaini. Siku hizi shingo ya twiga naibandika ubavuni mwa keki ya mviringo ikipanda kutoka chini, kichwa kikichungulia juu ya ukingo. Urefu unaonekana, na hakuna kinachobeba kitu.

Mnyama akizama polepole, kagua keki yenyewe. Keki laini yenye hewa nyingi haifai kuchongwa. Inayofaa ni nzito, ya siagi, ile ya uzito sawa wa unga, siagi, sukari na mayai. Ioke siku moja kabla, iweke kwenye friji, ichonge ikiwa ya baridi kwa kisu chenye meno, ukikwangua vipande vyembamba. Unaweza kuendelea kupunguza; kurudisha huwezi.

Keki ikizidi urefu wa sentimita 10 hivi, itenganishe kwa ubao mwembamba katikati, na chini ya ubao usimamishe nguzo: vijiti vya keki au mirija minene, zote zikiwa na urefu mmoja kamili. Nguzo moja ikizidi kwa milimita tatu, hiyo peke yake ndiyo itakayobeba, nyingine ni mapambo. Hii ndiyo sababu kubwa ya mnyama kuinamia upande mmoja.

Kichwa kikubwa kisiwe cha keki. Mchele uliofutuka kama bisi, ule wa nafaka za asubuhi, ukichanganywa na marshimelo iliyoyeyushwa na kufinyangwa ungali vuguvugu, unatoa kichwa chepesi, kigumu, kinacholika. Kibane kweli kwa mikono ukifinyanga, la sivyo kitakuwa na matundu, na matundu hayo yatajichora kwenye fondanti. Paka ganashi nyembamba kabla ya kukifunika.

## Vinyago vidogo vya juu ya keki

Kinyago kikiketi na taratibu kikawa pana kama chura aliyechoka, fondanti ni laini mno. Ya kufunikia haifai kufinyangia peke yake. Ongeza unga wa CMC (unga unaoliwa wa kuifanya fondanti ikaze), kijiko kimoja cha chai kwa gramu 250, kanda, funga, subiri saa kadhaa ushike. Mwili uwe na umbo la peasi, si la mpira. Mpira huenea, peasi hukaa.

Masikio yanayolala ni masikio yaliyobandikwa mabichi. Yatengeneze kabla ya kitu kingine chochote, uyaanike siku nzima juu ya mkunjo wa trei ya mayai iliyotandikwa nailoni ili yapate umbo, kisha uyabandike. Kinyago kizima kinataka siku mbili au tatu hewani, si kwenye friji wala kwenye chombo kilichofungwa. Ukianza usiku wa kuamkia sherehe, chagua mnyama asiye na masikio. Samaki, kwa mfano.

Mpira unaotoka na nyufa kabla hata hujaanza kuufinyanga haukubanwa. Ubane kwa nguvu kati ya viganja mpaka mstari upotee, ndipo uuviringishe kwa wepesi.

Kichwa kinachoteleza kimepakwa maji mengi. Brashi iwe na unyevu tu, ukiweza kuona tone umezidisha. Gundi nzuri ni robo kijiko cha chai cha CMC kwenye vijiko viwili vya mezani vya maji ya uvuguvugu. Asubuhi mabonge yatakuwa yameyeyuka yenyewe. Ndani ya shingo weka kipande cha spageti kavu. Usitumie kijiti cha meno, wala waya. Mtoto hachunguzi simba wa sukari, anamng'ata kichwa. Spageti ikivunjika mdomoni ni tambi. Na kwa wageni wadogo chini ya miaka minne, macho yasiwe vile vitufe vigumu vya sukari vinavyoweza kumkaba; chora kwa rangi ya kula au bandika vidoa bapa. Ikiwa ni keki ya kutimiza mwaka mmoja, usibadilishe glukosi kwa asali, kwani mtoto ambaye hajafikisha miezi 12 hapaswi kula asali.

## Rangi imegoma

Nyekundu na nyeusi huishia kuwa waridi na kijivu, mtu huongeza, huongeza, mpaka fondanti inalegea na ladha inakuwa chungu. Acha mapema. Rangi hukolea ikilala usiku. Kwa nyeusi, anza na fondanti ya chokoleti ya kahawia iliyokolea. Utahitaji rangi kidogo tu kuifikisha.

Kijivu cha tembo kina ujanja wake. Nyeusi nyingi za jeli zimechanganywa kutokana na rangi nyingine, ndiyo maana ukiweka kidogo kwenye nyeupe unapata zambarau au kijani. Zambarau irekebishe kwa manjano kidogo mno, kijani kwa nyekundu kidogo mno. Kutumia kipande cha fondanti nyeusi iliyo tayari ndani ya nyeupe kunatoa kijivu chenye utulivu zaidi.

Keki isikae karibu na dirisha. Waridi hufifia upesi kwenye mwanga, na zambarau ikipoteza wekundu wake hubaki bluu. Kiboko wa zambarau aliyepauka ubavu mmoja tu alikuwa anaangalia nje.

## "Huyu mbwa ni wa nani?"

Hapa fondanti haina kosa. Kila mnyama ana alama mbili au tatu ambazo mtoto humtambulia, na ukiikosa moja, zile nyingine zinahamia kwa mnyama mwingine. Kwa hiyo usijiulize "nimtengeneze vipi afanane zaidi." Jiulize amegeuka nani, kisha tafuta alama iliyomgeuza.

Simba aliyegeuka mbwa ana masikio yaliyochongoka au yanayoning'inia. Ya simba ni ya duara, madogo, nusu yamezama kwenye manyoya ya shingoni. Akigeuka dubu, manyoya ni machache au yana rangi moja na uso. Yawe yamekolea kuliko uso, na yazunguke mpaka chini ya kidevu. Akigeuka jua, na hutokea, manyoya yamepangwa kama miale, yote ya urefu mmoja. Changanya marefu na mafupi, mengine yageukie ndani.

Tembo aliyegeuka panya ana masikio juu ya kichwa. Yashushe ubavuni, usawa wa macho, na uyafanye makubwa mpaka uone aibu. Mkonga nao uanzie kati ya macho ukishuka. Ukiubandika chini, mahali pa mdomo, unapata mnyama anayevuta mrija.

Twiga bila vipembe ni ng'ombe mwenye shingo. Weka vipembe viwili vyenye vifundo juu, masikio chini yake yakielekea pembeni. Mabaka yake ni makubwa yenye kona, yakiachana kwa mistari myembamba iliyopauka. Ukiweka vidoa vya duara vilivyotawanyika, umemvalisha nguo ya mtu mwingine.

Chui na duma huchanganywa hata na watu wazima. Madoa ya chui ni mafungu, kama maua yaliyo wazi katikati. Ya duma ni nukta nzima, na usoni ana mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka kona ya jicho hadi mdomoni. Mistari hiyo miwili peke yake inatosha kumfanya duma.

Pundamilia asiyeeleweka anakosa pua nyeusi na manyoya ya shingoni yaliyosimama wima. Kiboko huonekana nguruwe endapo utampa pua ya duara moja. Yeye ana domo pana la mstatili na matundu mawili mbalimbali kwa juu. Panda akionekana mchovu au mkali, mabaka ya macho yameelekea vibaya: yateremke kwenda nje, kama machozi.

Halafu macho. Hapa ndipo uso unapokufa au kuishi. Kosa la kawaida ni kuyaweka juu sana, karibu na paji, na kuyasogeza karibu mno. Mnyama anakuwa mzee mwenye hasira. Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, alieleza umbo linalomfanya mtu aone kitu ni kichanga: kichwa kikubwa kwa mwili, paji pana, macho makubwa yaliyo chini usoni, mashavu ya mviringo. Hiyo ni ramani yako nzima. Gawa uso nusu kwa mlalo, macho yakae kwenye mstari huo au chini yake kidogo, yaachane kwa nafasi ya jicho moja au zaidi. Kichwa kikaribie ukubwa wa mwili, miguu iwe mifupi. Kisha nukta nyeupe moja kwenye kila jicho, zote mbili upande uleule, kama taa inayoakisi. Ukiweka moja kushoto na nyingine kulia, makengeza.

Wanaowinda hutazama mbele, wanaowindwa hutazama pembeni. Simba, paka na bundi macho yao yako mbele ya uso. Sungura, twiga na swala yako ubavuni. Chura na kiboko yamepanda juu kabisa. Ukimpa sungura macho ya mbele anaweza kupendeza, lakini ukimpa simba macho ya pembeni anakuwa kondoo, na manyoya ya shingoni hayatamsaidia.

Jaribio langu ni kumwita mtoto yeyote aliye karibu na kumuuliza ni nani huyu, kabla ya kubandika sikio la mwisho. Usimdokeze. Akisita, rudi kwenye alama. Ukikosa mtoto, piga picha kwa simu, ipunguze mpaka iwe ndogo kama kucha. Kama bado unamtambua, wengine watamtambua.

## Amevunjika njiani

Keki iende ikiwa imewekwa mahali bapa, chini, si mapajani wala kwenye kiti kilichoinama. Chini ya boksi weka kipande cha mpira au nailoni isiyoteleza. Vinyago virefu visafiri kwenye boksi lao, ubandike ukifika.

Chukua na wewe kibonge cha kila rangi uliyotumia, kimefungwa, gundi yako, brashi ndogo, spageti mbili tatu, kisu kidogo na sindano ile uliyohesabu. Mkia ukikatika, ubandike ukiwa umelala ubavuni mwa mwili, utashika mara moja kwa sababu haubebi chochote. Sikio likivunjika vipande, kata lingine nene kidogo na ulikunje mbele. Kunja na la pili lifanane. Mguu ukitoka kabisa, mzungushie majani hadi gotini. Na upande wa keki uliopasuka vibaya, huo ugeuzie ukutani, uso wa mnyama uwatazame watoto.